Msaada: faili za .spm, .000 na .vk4 (vipimo vya uso wa sampuli) nazifunguaje bila programu ya mashine?

tando_nyembamba:

Wakuu habarini za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Nipo masta ya fizikia, kazi yangu ni tando nyembamba za zinki oksaidi juu ya kioo kwa ajili ya sola, sasa chuoni kwetu AFM (hadubini inayopima uso kwa kuupapasa na sindano nyembamba sana) hatuna kwa hiyo supavaiza akaongea na wenzake nje ya nchi, sampuli zikaenda, zikapimwa, na juzi nimetumiwa folda ya matokeo. Ndani kuna faili zinazoishia .spm, kuna nyingine majina yanaishia .000, .001, .002, halafu zile sampuli zangu nene za titani dioksaidi wamezipima kwa hadubini ya leza, hizo zinaishia .vk4. Wameweka na picha za JPEG zile za rangi ya kahawia zenye kipimo cha rangi pembeni.

Supavaiza anataka Sa na Sq (vipimo vya ukwaruzo wa uso: wastani wa kawaida, na mzizi wa wastani wa mraba) ya kila sampuli, mchoro wa kukata katikati, na picha za 3D zote kwenye skeli moja ili zilinganishwe. Nikibonyeza hizo faili Windows inaniuliza nifungue na nini. Nikifungua na Notepad juu kuna mistari inasomeka vizuri tu, yote inaanza na mkwaju wa kinyume, halafu chini ni makorokoro. Programu ya mashine yenyewe ipo kwenye kompyuta ya maabara ya huko na leseni yake mimi siwezi. Rafiki yangu ananiambia nichukue JPEG niigeuze nyeusi na nyeupe niingize ImageJ, programu ya kuchambua picha, ipige hesabu. Hii ni sawa kweli? Naomba mnielekeze, thesisi inasubiri hapa tu.

Mzee wa Vipimo:

Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa JPEG iache, tena iache leo. Ile ni picha ya rangi, vimo havimo mle. Ukipima ukwaruzo humo ni sawa na kupewa picha ya Kilimanjaro ukaambiwa upime urefu wake kwa rula. Angalia hesabu yenyewe: tuseme kutoka bonde mpaka kilele cha sampuli yako ni nanomita 120, picha nyeusi na nyeupe ya biti 8 ina ngazi 256 tu, kwa hiyo kila ngazi ni karibu nusu nanomita, na hapo hatujagusa JPEG inavyochafua pikseli za jirani wakati wa kubana, wala ukweli kwamba rangi ya kahawia haipandi kwa mstari ulionyooka, wala kwamba aliyetoa picha anaweza kuwa amekata vilele ili ipendeze. ImageJ haina kosa, itakupa namba, lakini ni namba ya mng'ao wa rangi, siyo ya kimo.

Vimo vyako halisi vimo kwenye .spm na hizo .000 na .001. Hizo za namba ni ndugu wa .spm, ni utaratibu wa zamani wa mashine za Nanoscope, namba ni mpangilio wa picha zilivyopigwa, ya kwanza, ya pili na kuendelea. Usizibadilishe majina kuwa .tif, haisaidii kitu.

Daunlodi programu inaitwa Gwyddion. Ni ya bure kabisa, leseni yake ni GPL, imetengenezwa kule Cheki kwa mkono wa taasisi yao ya taifa ya vipimo, kwa hiyo imeandikwa na watu ambao kazi yao ni kupima, na wanachapisha mpaka hesabu wanazotumia. Inakubali Windows na Linux, inasoma aina za faili zaidi ya mia moja, za kampuni za mashine kama Bruker, Park, Asylum, JPK, Nanosurf, NT-MDT, na hizo .vk4 za Keyence pia inazisoma. Haihitaji kompyuta kubwa, na ukishaiweka haikuombi bando tena. Ukiifungua buruta faili lako mpaka kwenye dirisha lake basi, mara nyingi inatambua kwa kusoma mwanzo wa faili na siyo kwa jina la mwisho, ndiyo maana hata .003 inafunguka bila maneno.

Jambo moja la tahadhari: hiyo Notepad ukisoma funga bila kusevu. Ukisevu humo faili linakufa, zile herufi za ajabu ndiyo data yako na Notepad itazibadilisha. Tunza nakala ya folda yote kama ilivyotumwa, sehemu ambayo huigusi.

kodi_na_data:

Namuunga mkono Mzee. Naongezea kwa anayetaka kujua nini kimo ndani, maana ukilijua faili hutishwi nalo.

Faili la .spm lina sehemu mbili. Juu ni maandishi ya kawaida, yanaanza na `\*File list`, humo kuna tarehe, ukubwa wa eneo lililopimwa, idadi ya pikseli, kasi ya kupima na mengineyo. Chini yake kuna orodha za `\*Ciao image list`, moja kwa kila chaneli (yaani kila aina ya kipimo kilichorekodiwa), na kila moja ina `\Data offset` inayosema data inaanzia baiti ya ngapi na `\Data length` inayosema ni ndefu kiasi gani. Baada ya maandishi ndiyo yanakuja hayo makorokoro, na si makorokoro, ni namba kamili zimepangwa mstari kwa mstari.

Sasa namba hizo si nanomita, ni hatua za kigeuzi cha umeme. Ukitaka kimo unachukua namba, unazidisha na volti zilizoandikwa kwenye `Z scale` ukigawa kwa 65536, halafu unazidisha na `Sens.`, yaani usikivu, ambayo ni nanomita kwa volti. Mfano Z scale ni volti 24.576, hatua moja inakuwa volti 0.000375, namba 1000 ni volti 0.375, na kama usikivu ni nanomita 12 kwa volti basi kimo ni nanomita 4.5. Ndiyo kazi ambayo Gwyddion inakufanyia kimyakimya ukiburuta faili.

Nayaandika haya kwa sababu watu wengi wanaandika kodi zao wenyewe za kusoma .spm halafu wanapotea sehemu moja: kuanzia toleo la 9.2 la programu ya Nanoscope data inahifadhiwa kwa baiti 4 kila pikseli wakati maandishi ya juu bado yanasema `Bytes/pixel: 2`. Kodi ikiamini hayo maandishi inatoa picha ya mistari mistari isiyoeleweka. Kipimo rahisi ni ukubwa wa chaneli, pikseli 512 kwa 512 za baiti 2 ni baiti 524,288, za baiti 4 ni 1,048,576, linganisha na Data length unajua uko wapi. Na za baiti 4 unagawa kwa 2 kipeo cha 32, siyo 65536.

tando_nyembamba:

Jamani asanteni sana, imefunguka!! Nimefurahi mpaka nimempigia supavaiza. Ila sasa nina maswali.

Moja, faili moja limenifungulia picha tatu, Height, Amplitude Error na Phase, natumia ipi? Mbili, picha ya Height imeegemea, upande mmoja mweusi upande mwingine mweupe, na Sq inasema nanomita 27.1, nikibonyeza ile ya kusawazisha inashuka mpaka 4.6. Hii tofauti inanitia hofu, ipi niandike na si nitaonekana nimechezea data? Tatu, nimetoa Height kama .txt nikaingiza Excel, safu zote zinasoma 0.00 toka juu mpaka chini, nikahisi faili limeharibika.

Mwalimu Nanomita:

Dada, hofu yako ni nzuri, mtafiti asiyeogopa kuchezea data ndiye wa kuogopwa. Lakini hapa kusawazisha ni sehemu ya kupima na kila mtu anafanya, ila lazima uandike umefanya nini.

Chaneli ni Height, yaani kimo. Amplitude Error inaonyesha kingo vizuri sana na watu huipenda kwa macho, ila kipimo chake ni cha mawimbi ya sindano, si kimo, ukitoa Sq humo utapata namba isiyo na maana. Phase ni digrii, inaongelea tabia ya mada chini ya ncha. Ukikuta faili lina Height na Height Sensor zote mbili, chagua moja na uitumie hiyohiyo kwa sampuli zote, usichanganye.

Kwenye 27.1 na 4.6, tupige hesabu. Kioo chako kiliwekwa chini ya sindano kikiwa kimeinama kidogo, hakuna anayekiweka sawasawa kabisa. Digrii moja tu kwenye eneo la mikromita 5 inaleta tofauti ya nanomita 87 toka upande mmoja mpaka mwingine, na mteremko wa namna hiyo peke yake, hata uso ukiwa laini kama nini, unatoa Sq ya karibu nanomita 25. Kwa hiyo hiyo 27.1 yako kwa sehemu kubwa ni mwinamo wa kioo, utando umechangia kidogo. Ya utando ni hiyo 4.6, au itasogea kidogo ukimaliza.

Utaratibu ninaowapa wanafunzi: ondoa bapa la mwinamo kwanza, Plane Level. Kisha Align Rows kwa mediani, kwa sababu AFM inachora mstari mmoja mmoja na kila mstari unaweza kuanza juu au chini kidogo ya mwenzake, ndiyo ile michirizi ya mlalo unayoiona. Kama bado picha imepinda kama bakuli, hiyo ni mirija ya piezo inayosogeza sindano au sampuli, ondoa kwa polinomia ya digrii ya pili na uishie hapo. Ya pili inatosha. Nimeona watu wanapanda mpaka ya tano na ya sita picha inakuwa laini inapendeza, lakini wameshaanza kufuta uso wenyewe, na Sq inashuka kila wanapoongeza. Kama kuna punje refu la vumbi lifunike kwa barakoa (alama ya kuficha sehemu isihesabiwe) kwanza ili lisivute usawazishaji.

Halafu andika kwenye thesisi ukubwa wa eneo na pikseli, mfano mikromita 5 kwa 5, pikseli 512 kwa 512. Sq bila ukubwa wa eneo haina thamani, uso uleule ukiupima kwa mikromita 1 na ukaupima kwa mikromita 20 kwa kawaida unapata namba mbili tofauti kwa sababu eneo kubwa linameza na mawimbi marefu. Usilinganishe sampuli A ya mikromita 1 na sampuli B ya mikromita 5, na kama maabara walipima hivyo waombe warudie. Vigezo vyenyewe, Sa na Sq na ndugu zao, vimefafanuliwa kwenye ISO 25178-2, itaje. Na usiandike Ra pale ulipopima eneo, Ra ni ya mstari mmoja.

kodi_na_data:

Hilo la Excel halina tatizo. Gwyddion ikitoa .txt inaandika kwa mita, siyo nanomita. Kimo cha nanomita 2.3 kinaandikwa 2.3e-09, na Excel kwa tarakimu mbili za desimali lazima ikuonyeshe 0.00. Zidisha safu zote kwa 1000000000 utaziona. Wakati wa kutoa weka tiki kwenye kuongeza maelezo ya juu, faili litaanza na mistari ya alama ya reli inayotaja chaneli, upana, urefu na kizio, bila hiyo una jedwali la namba ambalo miezi sita mbele hakuna atakayejua lilikuwa mikromita ngapi. Na chagua nukta kwa desimali, kuna kompyuta zimewekewa mkato na hapo Excel inasoma ovyo.

Ujue pia .txt inabeba chaneli moja tu ile uliyoichagua.

Zuhura_Maabara:

Habari zenu, mimi niko kwenye hadubini za leza kila siku kwa hiyo nichangie kwenye .vk4 maana naona zimeachwa.

Hizo mdogo wangu ukizifungua utakuta zaidi ya kimo, kuna mwanga wa leza, kuna na picha ya rangi ya kamera. Chukua ya kimo. Ndani ya faili kila hatua ya kimo imeandikiwa thamani yake kwa pikomita, programu inabadilisha yenyewe, lakini ukimaliza kufungua angalia kama ukubwa wa picha kwenye mikromita unafanana na walichokuandikia maabara, ni sekunde chache tu na inakuokoa.

La muhimu kwangu ni pointi zisizo na data. AFM inagusa kila mahali, hadubini ya mwanga haifiki kila mahali, penye ukuta mkali au shimo jeusi mwanga haurudi na mashine haina cha kuandika. Kila kampuni inaweka alama yake. Zygo kwenye .dat za zamani wanaweka namba kubwa sana kupita kiasi, ukiisoma kwa kodi yako bila kuijua unapata mlima usiokuwepo. Kwenye Gwyddion sehemu hizo zinakuja zimefunikwa barakoa. Mtu akikwambia ujaze sifuri kataa, sifuri ni kimo nayo, utakuwa umechimba mashimo kwenye sampuli yako. Chagua kwenye dirisha la takwimu zihesabiwe pointi zilizo nje ya barakoa, na taja ni asilimia ngapi zilikosekana. Kuziba kwa kukadiria kutoka kwa majirani fanya kwa ajili ya picha ya 3D tu.

Halafu swali: hao maabara walipima kwa leza titani dioksaidi peke yake au na zinki oksaidi? Nauliza kwa sababu utando unaopitisha mwanga juu ya kioo unasumbua leza, mwanga unarudi kutoka juu ya utando na mwingine unarudi kutoka chini kwenye kioo, mashine inachagua mmoja, na mara nyingine inarukaruka. Kwa zinki oksaidi yako iamini AFM.

tando_nyembamba:

Dada Zuhura ni titani dioksaidi peke yake, ile ni nyeupe haipitishi, afadhali. Nimeangalia, barakoa ipo pembeni kwenye nyufa, nitaandika asilimia.

Mwalimu nimefuata hatua zako, Sq imetulia kwenye 4.3 na nimeandika kila hatua kwenye daftari. Sasa imebaki wingi. Faili ni nyingi na kubonyeza moja moja nitakesha, na mwenzangu anayefanya modeli anatumia Matlab ananiomba data, na supavaiza anataka ziwekwe kwenye hifadhi ya chuo ziweze kufunguka hata baada ya miaka. Nikonvati kwenda nini?

kodi_na_data:

Kwa wingi tumia Python. Kuna `surfalize`, inasoma za hadubini za mwanga kama .vk4, .opd, .plux, .al3d na .x3p, inasawazisha na kutoa Sa, Sq na wenzake kwa folda nzima ikakupa jedwali moja. Kwa AFM kuna `AFMReader` na `pySPM`. Zote ni za bure unaziweka kwa pip, kisakinishi cha Python. Ile Python iliyomo ndani ya Gwyddion 2 ni Python 2.7, kwa mtu anayeanza leo sikushauri uhangaike nayo.

Chukua faili tatu ulizozifanya kwa mkono, zipitishe kwenye skripti, namba zikikubaliana ndiyo uache iende kwa zote. Zikikataa tafuta tofauti iko wapi, mara nyingi ni usawazishaji haukufanana.

Kwa mwenzako wa Matlab mpe .gsf. Ni faili rahisi la Gwyddion, juu lina mistari michache ya maandishi, mstari wa kwanza ni `Gwyddion Simple Field 1.0`, kisha XRes na YRes ambazo ni pikseli, XReal na YReal ambazo ni ukubwa halisi, na vizio, halafu zinafuata namba za desimali za biti 32. Mtu anaandika msomaji wake kwa mistari kumi na tano hivi. Hakuna kimo kinachopotea na kizio kinasafiri pamoja na data, tofauti na .txt isiyo na kichwa.

Mzee wa Vipimo:

Kwa hifadhi ya chuo mimi natofautiana kidogo na kijana, .gsf ni safi kwa kupeana ila inabeba chaneli moja na haibebi historia. Weka vitu vitatu kwenye folda moja: faili la asili lile la mashine bila kuguswa, .gwy lenye chaneli zote na ulichokifanya maana Gwyddion inatunza kumbukumbu ya hatua humo, na .gsf au .txt yenye kichwa kwa yeyote atakayekuja hana Gwyddion. La asili halifutwi kamwe hata kama lina ukubwa, kwa sababu ndani yake kuna kasi ya kupima, usikivu wa piezo na mengine ambayo kukonvati kwingi kunayatupa, na siku ikigundulika kalibresheni ya mashine ilikuwa na hitilafu hapo ndipo pekee unapoweza kurudi kusahihisha.

Kama mna data za hadubini za mwanga na mnataka kitu kinachotambulika kimataifa kuna X3P, hiyo iko kwenye ISO 25178-72. Ni zipu tu, ukibadilisha jina la mwisho kuwa .zip inafunguka, ndani kuna main.xml yenye maelezo yanayosomeka na folda ya bindata yenye namba. Nimeipenda kwa sababu hata kampuni iliyotengeneza mashine ikifungwa, mtu mwenye kompyuta yoyote anaweza kujua nini kimo. Hivyohivyo .datx za Zygo ni HDF5, muundo wa wazi wa kuhifadhi data, na .plux za Sensofar ni zipu, kwa hiyo mtu akikuletea jina geni jaribu kwanza kuifungua kama zipu kabla hujakata tamaa.

tando_nyembamba:

Nimeelewa mzee wangu, nafanya hivyo vitatu. La mwisho kabisa, 3D. Kila picha Gwyddion inaipa rangi yake kuanzia chini mpaka juu, sampuli laini na ya kukwaruza zote zinaonekana zina milima sawa.

Mwalimu Nanomita:

Hiyo ni kwa sababu inatandaza rangi kwa kila picha kivyake. Kwanza zifanye zote zianze sifuri, Fix Zero, kisha chukua kifaa cha Color Range, weka mipaka ileile kwa kila sampuli, tuseme 0 mpaka 40 nanomita kulingana na ile yenye vilele virefu zaidi. Kwenye dirisha la 3D nako kuna kipimo cha kunyanyua kimo, nacho kinatandazwa kwa kila picha, kwa hiyo kirekebishe mpaka uwiano wa kimo kwa upana uwe mmoja kwa zote na uuandike chini ya mchoro, maana nanomita 40 juu ya mikromita 5 bila kunyanyua ingeonekana bapa tupu, lazima msomaji ajue umekuza mara ngapi. Sampuli yako laini itaonekana laini kweli na supavaiza ataiona tofauti bila kuambiwa. Ukikwama kwenye dirisha la 3D bandika hapa skrinshoti.